Soja, sambaza, dreshi ao lizini ya unga: gani inafaa watoto wa nguruwe?

Wandugu wafugaji, leo nataka tuweke vitu vine kando kando: soja ya kukaanga, sambaza kavu (samaki wadogo wa ziwa Kivu), dreshi ya bia (makapi yenye kubakia wakitengeneza bia), na ile unga nyeupe ya lizini (moja ya vipande vyenye kutengeneza protini) yenye kuuzwaka fasi wanauzishaka dawa za wanyama. Hapa Bukavu kila mwenye kufuga nguruwe amekwisha kuambiwa "patia watoto protini", na kila mutu anamuonyesha kitu yake, huyu soja, ule sambaza, mwengine anasema usipoteze makuta dreshi inatosha. Miye nilifata ule wa tatu.

Walikuwa watoto tisa, mama yao mzuri mwenye maziwa mingi, nikawaachisha ziwa juma ya sita wakiwa na kilo saba saba hivi. Nyuma ya pale nikawa nawapatia dreshi, matembele, na unga ya muhogo kidogo, asubuhi na mangaribi, na walikuwa wanakula mupaka wanalala. Nyuma ya juma sita zingine nikawapima: kilo kumi, kumi na moja, mwenye kushinda wote kumi na mbili. Jirani yangu alikuwa na wa umri ule ule, baba yao dume ile ile, na wake walikuwa wamefika kilo makumi mbili. Wangu tumbo kubwa, manyoya marefu ya kusimama, mgongo umekonda. Nikafikiri ni minyoo, nikatoa dawa ya minyoo, hakuna kitu ilibadirika. Nikaongeza dreshi, wakaanza kuhara. Papa veterineri alipofika hakuuliza kama wanashiba, aliuliza "lizini yao inatoka wapi?" na sikuwa na jibu.

Basi tuanzie pale. Protini haiko kitu kimoja. Waza nyumba ya mbao, kama zile zinajengwaka ku milima ya Kadutu: inaomba mbao, misumari, mabati, mlango. Asidi amino njo vile vipande, na kati yake kuko kumi zenye nguruwe mudogo hawezi kujitengenezea kwa kipimo chenye kutosha, lazima zitoke mu chakula: lizini, metionini, treonini, triptofani, valini, isolusini, lusini, histidini, fenilalanini na arjinini. Ukiwa na mbao za nyumba tatu lakini misumari ya nyumba moja, utajenga nyumba moja. Kwa nguruwe, misumari njo lizini, njo yenye kuishaka mbele ya zingine, ju mahindi, muhogo na pumba, vile vyote tunavyopatiaka kila siku, vinabeba lizini kidogo sana. Na zile mbao zenye kubakia mwili hauziweke stoki, unazichoma sawa kuni, na azoti yake inatoka na mukojo. Ile harufu kali yenye kuuma macho ukifungua kibanda asubuhi, sehemu yake ni protini yenye ulinunua na mnyama hakuitumia.

Kwa watoto kuko na shida ingine juu ya hiyo. Tumbo yao nyuma ya kuachishwa bado haijazoea, protini yenye haikuyeyuka mu utumbo mwembamba inashuka mu utumbo mnene, bakteria zinaichachusha, na kuhara kunaanza. Njo maana kuongeza protini bila kuangalia ya namna gani kunaweza kuwaongezea ugonjwa, vile ilinifikia. Kule Ulaya tangu 2022 wamekatazwa kuweka zinki oksidi kwa kipimo cha dawa mu chakula ya watoto wa nguruwe kwa kuzuia kuhara, na moja ya njia zenye wanafata sasa ni kupunguza protini yote kwa jumla na kurudishia zile asidi amino zenye kukosa katika unga. Protini kidogo, misumari yenye kutosha.

Sasa kiasi gani? Vipimo vya baraza la utafiti la Marekani (NRC) vya 2012 vinasema hivi, kwa kilo moja ya chakula, na nahesabu lizini yenye kuyeyuka peke yake (ile yenye tumbo inaweza kuingiza mwilini): mtoto wa kilo 5 mupaka 7 anaomba gramu 15, wa kilo 7 mupaka 11 gramu 13 na nusu, wa kilo 11 mupaka 25 gramu 12 na kidogo, wa kilo 25 mupaka 50 gramu 10 hivi, na mukubwa mwenye kupita kilo 100 gramu 6 tu. Unaona vile inashuka? Mudogo njo mwenye kuomba chakula ya nguvu zaidi, na siye hapa tunafanyaka kinyume, mabaki njo tunatupia wadogo "ju bado ni wadogo".

Najua mutaniambia zile ni nguruwe za wazungu, zinaongeza karibu gramu 600 kwa siku, zetu haziwezi. Ni kweli. Lakini chukua hesabu ile ile uigawe na vile wanakua, inakuja karibu gramu 19 ya lizini kwa kila kilo moja ya uzito wenye kuongezeka, na hiyo unaweza kuitumia hapa kwetu bila shida. Unataka mtoto aongeze gramu 200 kwa siku? Anaomba karibu gramu 4 za lizini zenye kuyeyuka. Gramu 300? Karibu 6. Wangu walikuwa wanaongeza gramu 100 kwa siku, maana yake mu yote walikuwa wanakula, ata na tumbo imejaa vile, lizini yenye kuwafaa ilikuwa gramu mbili tu.

Hizi njo gramu za lizini zenye kuwa mu kilo moja ya kila kitu, ni vipimo vya kati kati, vinapanda na kushuka kidogo kufatana na shamba ao ziwa:

Unga ya muhogo: haifike 1.
Mahindi: 2 na nusu.
Dreshi mbichi yenye maji: 2 hivi (ikikauka kabisa 9 ao 10).
Turto ya mawese (makapi yenye kubakia wakikamua mafuta): 5 hivi.
Maharagi: 15.
Soja nzima ya kukaanga: 23.
Sambaza kavu safi: 40 na kitu.
Lizini ya unga: 780.

Ukiangalia hii tu unaweza kukimbilia ya mwisho. Ngoja.

Nitakaa zaidi kwa soja ju njo yenye tuko nayo mingi, inatoka Walungu, inatoka Kabare, na wamama wengi wamekwisha kuizoea kwa uji ya watoto na kwa maziwa ya soja. Uzuri wake: lizini mingi, triptofani iko, treonini iko, na mafuta yake ya asilimia karibu 20 inapatia mtoto nguvu yenye mahindi peke yake haiwezi. Kasoro yake ya kwanza ni metionini, soja iko masikini pale. Ya pili, na njo kubwa, ni moto.

Soja mbichi iko na vitu vyenye kufunga ile kimeng'enya cha tumbo chenye kukata protini. Ukisaga soja mbichi ukapatia watoto, ni kama umefunga mlango ukaacha misumari inje, asidi amino ziko mu chakula lakini haziingie mwilini, na kongosho yao inafanya kazi ya bule. Lazima uikaange ao uichemshe. Lakini hapa njo watu wengi wanaharibu, wanafikiri kadiri inakuwa nyeusi njo inaiva vizuri. Hapana kabisa. Moto ikizidi, lizini inashikana na sukari ya ndani ya mbegu na haiachane tena. Ukipeleka ile soja mu laboratware watakuambia protini iko asilimia ile ile, nguruwe naye hataipata. Na kati ya asidi amino zote, lizini njo ya kwanza kuungua. Maana yake soja yenye kuungua imepoteza sawasawa ile kitu uliinunulia.

Miye nakaanga hivi: moto ya makala ya kadiri, sufuria pana, naweka mchanga safi chini ili joto ienee, nageuza bila kuacha, na nachukua mbegu moja moja naipasua. Ndani ikiwa bado nyeupe ya kijani na ukitafuna inanuka majani, bado. Ikiwa njano ya kuiva mupaka kati kati na inanuka vizuri sawa karanga, toa pale pale umwage fasi ya baridi, ju ukiiacha mu sufuria ya moto inaendelea kuungua yenyewe. Ngozi nyeusi na harufu ya moshi, hiyo umekwisha kupoteza makuta. Kama hauna imani na mkono wako, loweka usiku muzima, chemsha nusu saa tangu maji ianze kutoka povu, anika, saga. Inachukua kuni lakini kuungua haiwezi.

Kuko jaribio moja ndogo la kujua kama imeiva: chukua unga ya soja yako kidogo, weka mu chupa na urea ya mbolea kijiko kimoja na maji, funga, ngoja nusu saa, fungua unuse. Ikitoka harufu ya amoniaki, ile ya mukojo, soja bado iko mbichi. Isipotoka, moto ilifika (haikuambie kama imezidi, kwa hiyo tumia macho na pua). Ile chupa uimwage mbali, urea haiko chakula ya nguruwe, isirudi mu chakula ata kidogo.

Na tena, mu juma mbili za kwanza nyuma ya kuachisha usipite soja kilo 15 ao 20 mu kilo 100 za chakula. Kuko protini zake zingine zenye tumbo ya mtoto inazikataa ata zikiiva, inavimba kidogo, anahara. Nyuma ya pale anazoea.

Wenye kuwa karibu na wamama wa maziwa ya soja, yale makapi yao yenye kubakia mu kitambaa bado yanabeba protini nzuri na bei yake ni ndogo sana. Lakini ni maji mingi, inachacha siku moja, na kama hayakupikwa ni kama soja mbichi. Yachemshe ukapatie siku ile ile.

Sambaza sasa. Hii ni kitu ya ziwa letu, ata kama haikuzaliwa humu: iliingizwa mu ziwa Kivu kutoka Tanganyika mu mwisho wa miaka ya 1950, na leo ukipita Kadutu ku soko unaiona kila fasi. Kwa mtoto wa nguruwe wa kilo 7 hakuna kitu ya soko yenye kuishinda. Lizini yake ni karibu mara mbili ya soja, metionini iko ya kutosha (ile soja inakosa), haina nyuzi za kumjaza tumbo bule, na inaleta kalsiumu na fosforasi ya mifupa ju inaliwa nzima na mifupa yake. Inayeyuka vizuri ata mu tumbo yenye bado kuzoea. Ukichanganya soja na sambaza, kila moja inafunika kasoro ya mwenzake.

Lakini usinunue na macho yamefungwa. Sambaza ya bei ya chini mara nyingi ni ile yenye kuanikwa chini ao kufagiliwa, na mule muko mchanga. Siku moja nilinunua gunia ya vumbi ya sambaza kwa muuzaji mmoja, nikafurahi na bei, nikaifikisha nyumbani nikaweka konzi moja mu glasi ya maji na kukoroga: robo nzima ilishuka chini, mchanga mtupu. Fanya ile jaribio palepale ku soko mbele ya kulipa, glasi ya maji haikatazwi. Angalia tena chumvi. Ionje. Sambaza ya chumvi mingi na maji kidogo ya kunywa inaua watoto, wanazunguka zunguka, wanagonga ukuta sawa hawaone, wanaanguka. Na yenye kunuka kuoza uiache, ata kwa bei ya bule.

Kuko tena kitu yenye kuniuma nikizungumuzia sambaza. Ile sambaza njo nyama ya watoto wa Bukavu, familia nyingi hazina ingine, na mu jimbo letu watoto wa kuvimba miguu ju ya kukosa protini sote tumewaona. Lizini yenye mtoto wa nguruwe anakosa njo ile ile mtoto wa mutu anakosa akila bugali ya muhogo peke yake. Kwa hiyo miye sambaza nzima nzima siiweke mu kibanda. Naweka vipande vyenye kuvunjika na vichwa, na naiweka kidogo, kilo 5 mupaka 10 mu kilo 100, tena kwa zile juma chache tu zenye inaleta tofauti kubwa. Mnyama akishapita kilo 10 namkatia, soja na lizini ya unga zinamtosha. Na ukimuendeshea sambaza mupaka siku ya kuchinja, nyama itanuka samaki na mnunuzi hatarudi.

Dreshi nitaipita haraka. Haiko kitu mubaya. Shida yake ni moja: wanga wote ulikwenda mu bia, kulibakia nyuzi, protini kidogo, na maji karibu robo tatu na zaidi. Ili mtoto apate gramu 10 za lizini kutoka dreshi mbichi ataomba kilo tano kwa siku, na mnyama wa kilo kumi tumbo yake inaingiza kilo moja na kidogo. Njo ile tumbo kubwa yenye nilikuwa naiona, imejaa maji na nyuzi. Lakini mama mwenye mimba, ule mwenye utumbo mrefu wenye kuchachusha nyuzi bila shida, dreshi inamfaa sana, inamshibisha, inapunguza choo kigumu. Kwa hiyo usiache kununua dreshi, badirisha tu mwenye kuila. Turto ya mawese ni hadisi ile ile, nyuzi mingi na lizini kidogo. Na ile ya pamba kwa watoto usithubutu, iko na gosipoli yenye kuharibu moyo.

Tufike ku unga. Lizini ya unga haiko dawa na haiko homoni, nasema hivi ju watu wengi wanaiogopa. Ni lizini ile ile yenye kuwa mu soja, ila inatengenezwa na bakteria yenye wajapani waligundua mu 1956, wanailisha sukari, inatoa asidi amino. Paketi nzuri inaandikwa kwamba asilimia 78 hivi ni lizini yenyewe. Ukilinganisha bei kwa gramu, karibu kila siku itashinda wote: gramu 6 za ile unga, kijiko kidogo tu, zinabeba lizini sawa na gramu 100 za sambaza safi.

Nguvu yake njo na kasoro yake: ni misumari peke yake. Ukimpatia mtoto unga ya muhogo na lizini ya unga, umempatia misumari bila mbao. Inasaidia tu pale kuko chakula yenye protini ya kadiri na lizini njo yenye kukosa, mfano mahindi na soja. Na ukipita gramu 3 ao 4 mu kilo ya chakula, kitu ingine inaanza kukosa mbele yake: metionini, treonini, triptofani. Vile vipimo vya NRC vinaomba kwa kila gramu 100 za lizini karibu gramu 55 za metionini na sisteini pamoja, 60 hivi za treonini, 16 za triptofani na 63 za valini. Zinakwenda pamoja sawa familia, huwezi kusukuma mmoja peke yake mbali.

Namna ya kuchanganya nayo inaomba uangalifu. Gramu 150 mu kilo 50 ukitupa tu juu juu, mtoto mmoja atakula zote na wengine hewa. Anza kuchanganya na kilo mbili za unga ya mahindi mpaka imeenea, ile sasa njo umwage mu zingine. Na usiiweke mu chakula ya asubuhi peke yake: hii lizini iko huru, inaingia mu damu haraka kuliko ile ya ndani ya soja, ikikuja mara moja kwa siku inawahi mbele ya zingine na mwili unaichoma. Iweke mu kila chakula. Nunua paketi yenye kufungwa na maandishi yake. Miye niliwahi uziwa unga mu sashe bila jina, hakuna asilimia, hakuna tarehe, ile sikuitumia ju sikujua nahesabu nini.

Konsentre za gunia, zile zenye kupitiaka mpaka wa Ruzizi, ni mchanganyiko wa hivi vyote pamoja na vitamini na madini, na kwa mutu mwenye makuta na asiye na wakati ni nzuri. Ila usiangalie asilimia ya protini peke yake, tafuta mustari wa lizini. Wakiandika lizini asilimia 3, ni gramu 30 kwa kilo, unailinganisha na ile orodha ya juu. Gunia yenye haiandike lizini, miye siinunue.

Tulinganishe sasa mu sahani, chakula ya kilo moja, hesabu yangu:

Mahindi gramu 650 na soja gramu 300, zingine pumba na madini: lizini gramu 8 na nusu.
Mahindi 650, soja 200, sambaza 100: gramu 10 na kitu.
Mahindi 650, soja 300, na lizini ya unga gramu 3: karibu gramu 11.

Hizi ni lizini yote, yenye kuyeyuka itakuwa chini kidogo, toa kama moja ya kumi mupaka moja ya sita. Hakuna hata moja yenye kufika gramu 12 zenye wamarekani wanaomba, na haiko lazima, ju siye tunatafuta gramu 300 kwa siku na si 600. Jirani yangu alikuwa anapatia ile ya pili, watoto wanakula gramu 650 hivi kwa siku, piga hesabu mwenyewe, inakuja karibu gramu 6 zenye kuyeyuka, na wake walitoka kilo saba mupaka makumi mbili mu siku 42. Inaingia sawasawa.

Kwa bei sitaandika nambari ju inabadirika na barabara na mvua, lakini shika hii: sambaza inabeba lizini karibu mara mbili ya soja. Kama leo bei ya kilo ya sambaza inapita mara mbili ya kilo ya soja, soja njo inashinda. Kama haifike mara mbili, na iko safi, sambaza njo inashinda. Na usinunue na gigozi (ile kopo ya kupimia ku soko) bila kujua uzito wake, gigozi ya soja na gigozi ya sambaza haziko kilo sawa, peleka ku balansi mara moja uandike ku ukuta wa nyumba.

Kwa hiyo ukiniuliza uchague nini: watoto chini ya kilo 10, soja kidogo yenye kuiva vizuri pamoja na sambaza, na kama sambaza hauwezi kuipata usikimbilie kuachisha, waache kwa mama mupaka juma ya nane, ju maziwa ya mama njo chakula yenye kupangwa asidi amino zake vizuri kuliko kitu yoyote tutachanganya siye. Kutoka kilo 10 mupaka 25, miye nachagua soja na lizini ya unga, bila kusita, inaachia watu sambaza yao. Nyuma ya kilo 25 punguza soja polepole, na dreshi inaweza kuanza kuingia, kidogo kidogo. Majani ya matembele wapatie kila umri kwa vitamini lakini usiyahesabu mu protini ya wadogo, na sombe (majani ya muhogo) mbichi usiwape, sianidi yake inamaliza metionini mwilini, na metionini njo ile soja inakosa.

Na kama makuta haitoshe kulisha tisa vizuri? Uza wane siku ya kuachisha na ulishe watano. Watu hawapendi kusikia hii, lakini tisa wa kilo 11 nyuma ya miezi tatu hakuna mwenye kuwanunua kwa bei ya maana, na umelisha vinywa tisa muda wote ule.

Wenye niko nao sasa ni saba, juma yao ya kumi. Nawapima kila siku ya posho asubuhi mbele ya kula, namtia mmoja mmoja mu gunia naininginiza ku balansi. Mara ya mwisho mukubwa alikuwa na kilo 18, na yule mudogo wa chuchu ya nyuma, mwenye kila mutu aliniambia nisimuhesabu, kilo 14 na nusu.